Mpangaji wa Chini ya Daraja

9 Januari

Kaka Korongo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kwamba goti lako limeacha ule ubishi wa mwaka jana. Msalimie sana wifi yangu. Huku tu wazima. Mwanangu nesi amehamishiwa wodi ya watoto, anarudi nyumbani sauti imekauka kwa kuwabembeleza. Paa la jikoni limezibwa hatimaye. Cherehani ya kwanza imekufa. Ya pili inashona, lakini inanung'unika kama marehemu mume wangu alivyokuwa akinung'unika kila akiombwa kuteka maji.

Sasa neno lenyewe, na usicheke. Nimeanza kuvua.

Si kwa nyungunyungu. Navua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia wa manyoya anayefungwa kwenye ndoana, kama baba. Bwana Vifaranga, yule anayetunza mabwawa ya kukuzia trauti kule juu ya mto, alikuja dukani kushonesha suruali, akaiona ile picha ya baba ukutani. Akaniuliza, "Mama, huyu ndiye yule mzee mlinzi wa mto?" Nikasema ndiye. Akaniuliza kwa nini mimi sivui. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mtoni, nimevaa viatu vya mpira vya marehemu mume wangu, na soksi tatu ndani ili visinivuke.

Wiki tatu nilivua majani, tawi moja, na kofia yangu mwenyewe. Wiki ya nne nzi wangu akatua juu ya maji taratibu, akaelea, maji yakafunguka kidogo tu kama mtu anayefumbua jicho, na mshipi ukaniita. Alikuwa trauti wa urefu wa kiganja. Nilihangaika naye mpaka nikamtoa kwenye ndoana. Nilimrudisha majini nikakaa chini kwenye mawe, bibi kizima wa miaka sitini na minne, nikacheka peke yangu.

Na kule chini ya daraja, kwenye lile shimo lako la kuvulia, kuna mpangaji mpya. Unakumbuka baba alivyosema, pale hapakai patupu: akiondoka trauti mkubwa mmoja, mwingine anahamia. Huyu wa sasa ni mrefu kuanzia kiwiko changu hadi ncha za vidole.

Bwana Vifaranga anataka tuwe na siku ya mafunzo mwezi wa tisa, watu waje wajifunze kurusha mshipi, na mwalimu niwe mimi. Ameuliza ufito wa kuvulia wa baba uko wapi. Nimemwambia uko kwa kaka yangu. Naomba unitumie, kaka, hata kwa kunikopesha. Nataka siku hiyo nisimame nao.

Nimeandika kwa sababu simu tuliiacha mwaka ule tuliokatiana, na naona karatasi inatufaa zaidi. Karatasi haikatiki.

Mdogo wako,
Sindano


26 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Barua yako ilifika kitambo kidogo, nikachelewa kuijibu kwa sababu ya lifti. Imeharibika tangu mwisho wa Januari, nasi tuko ghorofa ya tisa, kwa hiyo kila safari ya posta nimeipima mara mbili. Goti ni lilelile. Wifi yako anakusalimu. Amejiunga na kwaya ya wastaafu na sasa anaimba hata akiosha vyombo. Mimi nilifunga kibanda changu cha saa kule chini ya stesheni, kama nilivyokueleza, lakini majirani wananiletea saa zao za ukutani. Sebule ina saa kumi na moja, na hakuna mbili zinazokubaliana.

Nimefurahi kusikia umepata pa kupitishia Jumamosi zako. Mazoezi ni mazuri kwa umri wako.

Ila usije ukajidanganya kwamba ukijua kushona umejua kuvua. Trauti si kitambaa. Kitambaa hulala ulipokilaza. Trauti anakusikia ukikanyaga kokoto, anakuona ukiinua mkono, na anajua tofauti ya mdudu anayebebwa na maji na mdudu anayevutwa na mshipi. Mimi nilisimama kwenye maji yale baridi tangu nina miaka minane mpaka nikaitwa Korongo, na bado kuna siku nilirudi mikono mitupu. Mchezo ule unakufundisha kwanza namna ya kushindwa.

Kuhusu ufito, nautumia. Jumapili zote, hali ya hewa ikiruhusu. Tena ni mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa, kitu cha kale, hauwezi kutupwa ndani ya magari ya posta. Utanielewa.

Lakini kwa kuwa mimi ni kaka yako, nitakupa siri ya mpangaji, maana wapangaji wa shimo lile tabia zao ni moja. Mfuate saa sita mchana, jua likiwa utosini, ndipo anapochangamka. Simama upande wa juu wa mkondo, akuone, akuzoee. Nzi awe mkubwa, wa manyoya mekundu. Na mrushe kwa nguvu, apige maji, maana yule ni jeuri, anataka kuchokozwa.

Haya baba hakumwambia mtu mwingine. Siku ninaondoka alinipa nzi mmoja, wa mwisho kufungwa na mikono yake. Ninaye mpaka leo ndani ya kopo la vipuri vya saa. Tumboni amezungushiwa uzi mweusi unaong'aa, mwembamba kuliko hariri. Mimi nimefanya kazi na vitu vidogo maisha yangu yote, nimeutazama kwa lenzi miaka thelathini na minane, na sijajua ni uzi wa kitu gani. Baba alikwenda na siri yake, na mfano wake mmoja akaniachia mimi.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo na shukrani tele. Pole kwa lifti. Mwambie wifi aimbe kwenye ngazi, mwangwi wa ngazini ni mzuri. Huku mvua zilikuwa nyingi, mto ukawa rangi ya chai ya maziwa kwa wiki mbili na hatukuweza kuvua. Mwanangu amepata mchumba, fundi wa viti, kijana mkimya mwenye mikono safi. Nimemshonea shati kabla hajaja kuposa, ajue tangu mapema nani mwenye sindano.

Maji yalipotakata nikafuata maneno yako neno kwa neno. Saa sita kamili. Upande wa juu wa mkondo. Nzi mwekundu, mkubwa kama kifungo cha koti. Nikamtupa kwa nguvu mpaka Bwana Vifaranga akaruka nyuma. Na kaka, hutaamini: alikuja! Mara ya kwanza tu! Alipanda kutoka chini ya jiwe kama aliyekuwa anasubiri kuitwa. Nilipigana naye mpaka mikono ikafa ganzi. Bwana Vifaranga akasema, "Mama, nani kakufundisha uchawi huu?" Nikamwambia kwa fahari, "Kaka yangu. Ana siri za baba."

Mji mzima sasa unajua jina lako la Korongo.

Basi ule ufito, hata kama unautumia Jumapili, si unaweza kuupumzisha Jumapili mbili tatu? Nitaufunga kwa blanketi na mbao. Na hukuniambia mto wa huko unakovua unaitwaje. Una daraja?

Wako,
Sindano


28 Aprili

Sindano,

Salamu nitaziweka mwisho.

Haiwezekani. Nasema haiwezekani! Trauti hukaa ameelekeza kichwa juu ya mkondo, ndiko chakula kinakotoka. Ukisimama upande wa juu anakuona kama ninavyoiona saa hii mbele yangu. Kwa hiyo unakuja kutoka chini, nyuma yake, umeinama. Saa sita mchana kivuli chako na kivuli cha mshipi vinamwangukia mgongoni, naye anaingia chini ya jiwe hatoki hata umbembeleze. Unakwenda asubuhi au jua likipunga. Nzi mwekundu wa ukubwa wa kifungo hajawahi kuonekana kwenye mto ule tangu uumbwe. Wadudu wake ni wadogo, wa kijivu na kahawia. Na anayepiga maji kwa mshipi anafukuza samaki wa shimo lile mpaka kesho yake!

Najua kwa sababu niliyaandika kinyume. Kila neno. Nilikaa na kalamu nikachukua alichonifundisha baba, nikakigeuza kama mtu anavyogeuza soksi.

Basi. Nimesema.

Niliandika hivyo ili usimpate. Ulipoandika "lile shimo lako" nilikunja barua nikaiweka chini ya saa ya jirani, na nikakaa nayo mwezi mzima. Lifti ilitengenezwa baada ya siku tatu. Nilikuona umevaa viatu vya marehemu, umesimama pale niliposimama mimi, maji yanapita kwenye miguu yako badala ya miguu yangu. Mimi nina saa kumi na moja na dirisha linalotazama dirisha. Wewe una duka, una binti, una kaburi la baba la kufagia, una mto. Nikasema moyoni: na samaki pia?

Kwa hiyo niambie ukweli. Ulimpataje?

Wifi yako anakusalimu, hajui lolote.

Kaka yako


3 Julai

Kaka,

Shikamoo. Goti likoje? Mimi nilikuwa na kifua, sasa nimepona. Mahari imejadiliwa, fundi wa viti alitoka jasho kama aliyebeba kabati. Mengine ni heri.

Sikumpata.

Sikurusha nzi mwekundu, sikusimama juu ya mkondo, na saa sita nilikuwa dukani natia zipu. Nilisoma barua yako ya Februari nikiwa nimesimama mlangoni, na kabla sijafika kwenye kiti nilijua umenidanganya. Nikasema, acha nimshukuru, nione atafanya nini. Barua yako ya Aprili uliiandika siku kumi na tatu tu baada ya yangu. Hujawahi kunijibu upesi namna hiyo, hata baba alipofariki. Nikajua nimegusa kidonda, ndiyo maana nimekaa miezi miwili bila kuandika. Si kifua peke yake.

Sasa unisikilize, maana hili sijamwambia mtu.

Mlipokuwa mkirudi kutoka mtoni, wewe na baba, mlikuwa mkitupa samaki kwenye karai mnakaa barazani mnasifiana. "Ulivyomrusha yule!" "Na wewe ulivyomvuta!" Karai lilikuja kwangu. Mimi ndiye niliyewapasua matumbo. Na baba alikuwa akija jikoni, wewe ukiwa bado unajisifu huko nje, akiniuliza polepole, "Sindano, leo wamekula nini?" Nilimfungulia tumbo la samaki kwenye sahani nyeupe nikamwonyesha: wadudu hawa wa kijivu, mbawa ndogo, huyu bado ana miguu. Nzi wa kesho yake alifungwa kwa kumfuata huyo wa kwenye sahani. Yote mliyojua juu ya trauti, kaka, mmoja wenu aliyajulia kwangu, na mwingine akayasikia kwa huyo.

Tena si hilo tu. Ulipokuwa na miaka ishirini na kitu, mikono ya baba ilianza kutetemeka. Hukuona kwa sababu mtoni aliitia mfukoni. Hakuweza tena kushika unyoya na kuuzungushia uzi kwenye ndoana ndogo kama punje ya mchele. Akanikalisha mbele ya jiriwa, kile chuma cha kubania ndoana, akanifundisha jioni mbili, ya tatu akasema, "Umenipita." Tangu hapo kila nzi aliyetoka nyumbani kwetu nilimfunga mimi. Aliniomba nisiseme. Alikuwa mlinzi wa mto, watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya nzi wake. Nikanyamaza. Nimenyamaza hata mazikoni, waliposimama mmoja mmoja kuisifu mikono yake.

Asubuhi ile ya kuondoka kwako aliniambia, "Mfungie kaka yako mmoja, wa kukaa naye." Uzi mwembamba ulikuwa umekwisha na basi lako lilikuwa la saa nne. Nikang'oa unywele kichwani.

Huo ndio uzi wako, fundi saa. Tazama tena.

Unanionea wivu mto. Mimi nilikuonea wivu wa ule ufito tangu baba alipokukabidhi mbele yangu, mikono yangu ikinuka samaki wako. Ulikwenda nao, na mimi sijawahi kuushika ila kuupangusa. Ukiniambia unavua nao kweli, baki nao, sitauomba tena. Kama huvui, nitumie. Lakini safari hii usigeuze soksi.

Sindano


20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya kifua, na hongera za binti. Mwambie fundi wa viti nimempenda kabla sijamwona, kwa sababu alitoka jasho.

Hakuna mto. Kuna mfereji nyuma ya kiwanda cha matofali, maji yake hayaendi popote. Mara ya mwisho kuvua ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa mwaliko wa mteja mmoja, mwendo wa saa mbili kwa basi, na nilipokuwa narudi mlango wa lifti ulijifunga ukakata ncha ya ufito. Nilisimama mle ndani nimeushika, lifti ikapanda mpaka ghorofa ya tisa, na ile ncha ikabaki chini. Nilishuka kuitafuta. Mfagiaji alikuwa amepita.

Katika vile vipande vitatu vya kuunganishwa vimebaki viwili. Kipande cha chini kiko nyuma ya kabati. Kipande cha kati, mdogo wangu, kinashikilia pazia la sebuleni. Si wifi yako aliyekiweka. Ni mimi. Nilisema ni kwa muda. Kila mwaka nakishusha nakipaka mafuta, kisha nakirudisha, na pazia juu yake.

Trauti ninaowaona ni wa duka kubwa la hapa chini, wamelazwa juu ya barafu, macho wazi, wote wameelekezwa upande mmoja kana kwamba mkondo bado unakuja. Muuzaji ananijua. Juzi aliniambia, "Mzee, leo unanunua au umekuja kuwajulia hali?" Nikamwambia, wajulie hali wewe, mimi ni mgeni tu.

Nilimtoa yule nzi kwenye kopo na kumweka chini ya lenzi, karibu na dirisha. Nilitazama muda mrefu. Ni unywele. Sijui ilikuwaje nisiuone, mtu ninayeweza kuona ufa kwenye jino la gurudumu la saa. Nadhani niliutaka sana uwe kitu kingine. Kila mwaka, siku ya kifo cha baba, nilikuwa nikifungua kopo lile na kumsalimia. Kumbe miaka yote nilikuwa nakusalimia wewe, na wewe hujaitikia hata mara moja.

Nimemwambia wifi yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo pazia tunalitundika na nini?" Tumekwenda tukanunua bomba la chuma.

Ufito umeondoka leo, umefungwa kwa blanketi na mbao kama ulivyosema. Una mikwaruzo ya pete za pazia. Hauna ncha. Nisingependa udhani kwamba wivu umekwisha; nimeufunga huku nimenuna, na nilipofika posta nilishika foleni mara mbili kabla ya kuutoa mkononi.

Nzi nabaki naye. Huyo usiniombe.

Kaka yako,
Korongo


11 Oktoba

Kaka Korongo,

Shikamoo. Ulifika siku sita kabla ya mafunzo. Fundi wa viti aliuweka kwenye meza yake akauzunguka kimya kama daktari, kisha akachonga ncha mpya ya mwanzi na kuigundisha. Ni nzito kidogo kuliko ya zamani, lakini inapinda. Mikwaruzo ya pazia nimemkataza asiiguse.

Walikuja watu kumi na mmoja. Nilisimama na ufito kama nilivyotaka, nikawafundisha kusubiri mshipi unyooke nyuma kabla ya kuusukuma mbele, jambo ambalo hakuna anayelisubiri. Kisha nikawasomea barua yako ya Februari, ule ukurasa wa siri, mwanzo hadi mwisho, kama mfano wa namna ya kumkosa samaki. Walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye maji. Bwana Vifaranga anataka kuibandika ukutani kwake. Nimemwambia aombe ruhusa kwa mwenyewe.

Jioni, walipoondoka, nilikwenda darajani na ufito wa baba. Nilitoka chini ya mkondo, nimeinama, kivuli changu nyuma yangu. Nilifanya kila kitu sawa, kaka. Alipanda, akamtazama nzi wangu kwa utulivu kama mteja anayekagua mshono, akarudi chini ya jiwe. Juzi tena. Jana akamdaka, akanivuta hatua tatu, akajinasua. Kwa hiyo nimemkosa mara tatu, kwa ufito halisi na ujuzi halisi. Nilirudi nyumbani nimelowa, na nikakukumbuka vibaya sana.

Ndani ya bahasha hii utamkuta nzi. Nimemfunga asubuhi ya leo, na tumboni nimemzungushia uzi uleule, ila safari hii ni mweupe. Mweusi sina tena.

Huyu usimtie koponi. Mpangaji bado yupo. Njoo umkose mwenyewe.

Mdogo wako,
Sindano